Patrick Manson: Tabibu wa Matende na Fumbo la Mbu

Utangulizi

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, tangu Lamu hadi Kilwa na visiwani Unguja na Pemba, matende na mabusha ni maradhi yaliyojulikana tangu jadi. Mgonjwa wa matende huvimba mguu au mkono, na kadiri miaka inavyopita ngozi yake hukakamaa na kukwaruza mithili ya gome la mti. Mwanamume mwenye busha hulazimika kuificha hali yake chini ya kikoi au kanzu pana, na mara nyingi huikwepa mikusanyiko ya watu. Asili ya maradhi haya ilielezwa kwa njia nyingi. Wapo walioamini kuwa mgonjwa amerogwa, wapo waliosema amekiuka mwiko, na wapo waliolaumu maji ya madafu. Maelezo hayo yote yalikuwa na jambo moja la pamoja, nalo ni kwamba yalimwongezea mgonjwa aibu juu ya maumivu.

Mtu aliyetangulia kulifumbua fumbo hili hakuwa mkaazi wa mwambao huu, wala hakufanya kazi yake hapa. Alikuwa tabibu wa Kiskoti aliyeitwa Patrick Manson, na ugunduzi wake aliufanya katika mji wa bandari nchini Uchina mnamo mwaka wa 1877. Wengi humtaja kama baba wa tiba ya nchi za joto, na jina lake limebaki katika mnyoo wa kichocho unaowasumbua hadi leo wakaazi wa kando ya Ziwa Viktoria. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kuzingatia hasa utafiti wake kuhusu minyoo inayoishi ndani ya mwili wa binadamu. Yanadhamiria pia kuonyesha kwamba Manson alikosea zaidi ya mara moja katika mambo makubwa, na kwamba sifa yake haitokani na kutokosea, bali inatokana na jinsi alivyouliza maswali yaliyoweza kujibiwa na wengine.

Kuzaliwa na Elimu

Patrick Manson alizaliwa tarehe 3 Oktoba mwaka wa 1844 katika mji mdogo wa Oldmeldrum, jimbo la Aberdeen, kaskazini mwa Uskoti. Baba yake alikuwa meneja wa tawi la benki mjini humo na mmiliki wa shamba. Jamaa zake hawakumtarajia kuwa daktari. Akiwa kijana wa miaka kumi na mitano alipelekwa kujifunza kazi katika kiwanda cha chuma mjini Aberdeen. Kazi hiyo ilikuwa nzito kuliko umri wake. Mgongo ulimuuma, mkono mmoja ukalegea, na akaamriwa kulala kitandani kwa muda mrefu. Waswahili husema kuwa baada ya dhiki ni faraja. Katika kipindi hicho cha ugonjwa alipata wasaa wa kusoma, na mapenzi aliyokuwa nayo tangu utotoni kwa wanyama na mimea yakaanza kuchukua mwelekeo.

Alijiunga na masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, akahitimu mwaka wa 1865 na kupata shahada ya juu ya udaktari mwaka uliofuata. Alifanya kazi kwa muda mfupi katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Durham, Uingereza. Hata hivyo, ndugu yake mkubwa alikuwa amekwenda Shanghai, na simulizi za Mashariki zikamvutia kijana huyu. Mnamo mwaka wa 1866, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, aliajiriwa kuwa tabibu wa Idara ya Forodha ya Uchina katika bandari ya Takao, kisiwani Formosa, ambacho sasa chaitwa Taiwan. Kazi yake ilikuwa kukagua meli zilizotia nanga na kuwatibu mabaharia. Mwaka wa 1871 alihamia Amoy, mji wa bandari ulio mkabala na kisiwa hicho, ambao siku hizi hujulikana kama Xiamen. Huko Amoy ndiko alikoishi hadi mwaka wa 1883, na ndiko alikofanya kazi iliyomjengea jina.

Kisu na Maswali

Manson alipofika Amoy aliwakuta wagonjwa wa matende kwa wingi. Wenyeji hawakuwaamini madaktari wa kigeni. Uvumi ulienea kwamba Wazungu waliwapasua watu ili kuchukua viungo vyao na kutengenezea dawa. Ili kuondoa shaka hiyo, Manson aliamua kufanya upasuaji hadharani, katika chumba ambacho madirisha yake yalielekea barabarani, ili kila apitaye ajionee. Mbinu hiyo ilifaulu. Wagonjwa walianza kumiminika, hasa wanaume wenye mabusha na uvimbe wa sehemu za siri, na imesimuliwa kwamba katika muda wa miaka mitatu uvimbe alioukata ulifikia uzito wa zaidi ya tani moja.

Pamoja na ustadi huo, kisu hakikumtosheleza. Kila aliyemtibu alifuatwa na mwingine mwenye hali ile ile, na yeye mwenyewe hakujua maradhi yalitoka wapi. Alipokuwa likizoni Uingereza kati ya mwaka wa 1874 na 1875, ndipo pia alipofunga ndoa na Henrietta Thurburn, alitumia sehemu ya muda wake katika maktaba ya Makumbusho ya Uingereza akitafuta maandishi kuhusu matende. Huko alikutana na taarifa ya Timothy Lewis, tabibu aliyekuwa Calcutta, ambaye mwaka wa 1872 alieleza kwamba ameona minyoo midogo sana ikijinyonganyonga ndani ya damu ya binadamu. Kabla yake, Otto Wucherer alikuwa ameona vijidudu kama hivyo katika mkojo wa wagonjwa huko Brazili mwaka wa 1866. Nako Australia, mwaka wa 1876, Joseph Bancroft alimpata mnyoo mzima, mwembamba na mrefu kama uzi. Kutokana na majina ya wawili hawa, mnyoo huyo huitwa na wanasayansi Wuchereria bancrofti.

Manson alirudi Amoy akiwa na hadubini na swali jipya. Alianza kuchunguza damu za watu, akagundua kwamba karibu mtu mmoja katika kila kumi alikuwa na vijinyoo hivyo. Aligundua pia kwamba vijinyoo vya damuni havikui. Kila kimoja kimefunikwa na kifuko laini, nacho hubaki katika umbo lile lile siku nenda siku rudi. Hapo Manson alifikiri kwa makini. Iwapo watoto hawa wa mnyoo wangekomaa ndani ya damu, wingi wao ungemuua mwenye mwili, nao wangekufa pamoja naye. Kwa hivyo, ilikuwa lazima watoke nje ili wakulie kwingine. Lakini hawakuwa na uwezo wa kutoboa ngozi. Lazima basi pawepo kiumbe anayewatoa, tena kiumbe anyonyaye damu. Kupe, chawa, kunguni, viroboto na ruba wote hunyonya damu, lakini wanapatikana hata katika nchi zisizo na matende. Alibaki mbu.

Nyumba ya Mbu

Ili kuithibitisha nadharia tete hiyo, Manson alihitaji mtu mwenye vijinyoo damuni. Alimpata mtumishi wake aliyetunza bustani, Mchina aliyeitwa Hin Lo. Kilijengwa chumba maalumu, na Hin Lo akakubali kulala humo usiku huku taa ikiwashwa na mlango ukiachwa wazi ili mbu waingie. Mbu walipokwisha kuingia, mlango ulifungwa. Asubuhi mbu waliovimba matumbo kwa damu walikamatwa ukutani na kuwekwa katika chupa, kisha Manson akawapasua mmoja baada ya mwingine, baadhi siku ile ile na wengine siku zilizofuata.

Alichokiona kwenye hadubini kilikuwa kipya katika historia ya sayansi. Ndani ya tumbo la mbu, vijinyoo vilikivua kile kifuko, vikalitoboa tumbo na kuhamia katika misuli ya kifua. Humo vilinenepa, vikarefuka, vikaanza kuwa na mdomo na utumbo. Kwa maneno mengine, mbu alikuwa mlezi wa mnyoo. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza kwamba mdudu anyonyaye damu anaweza kulea kimelea cha maradhi ya binadamu. Taarifa ya Manson ilichapishwa katika ripoti za Idara ya Forodha ya Uchina, kisha mwezi wa Machi mwaka wa 1878 ikasomwa mbele ya Chama cha Linnaeus mjini London na Spencer Cobbold, mtaalamu wa minyoo aliyemuunga mkono. Husimuliwa kwamba baadhi ya waliohudhuria waliichukulia kama mzaha.

Ugunduzi wa pili ulitokana na mpango wa kazi. Manson alikuwa na wasaidizi wawili wa Kichina aliowafundisha kutumia hadubini. Mmoja alichunguza damu mchana na mwingine usiku. Ilibainika kwamba yule wa usiku aliwapata wenye vijinyoo wengi kupita yule wa mchana. Badala ya kumlaumu msaidizi wa mchana kwa uzembe, Manson aliamuru damu za watu wale wale ipimwe kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Matokeo yalionyesha kwamba vijinyoo hujaa katika damu ya ngozini wakati wa usiku na kutoweka kunapokucha. Mbu huyo naye hutafuta damu usiku. Wengi walipata tabu kulisadiki jambo hili, lakini lilithibitishwa. Miaka mingi baadaye Manson mwenyewe alionyesha kwamba mchana vijinyoo hujificha katika mishipa ya mapafu. Ni kwa sababu hii wahudumu wa afya wa pwani ya Kenya na Tanzania, kwa miongo mingi, waliwatoa watu damu usiku wa manane walipotaka kupima matende.

Kosa la Amoy

Licha ya mafanikio hayo, Manson hakujua mnyoo unarudi vipi kwa binadamu. Vitabu vilivyopatikana wakati huo vilimfanya aamini kwamba mbu hunyonya damu mara moja tu maishani, hutaga mayai majini na kufa papo hapo baada ya siku chache. Akahitimisha kuwa minyoo hutoka katika mzoga wa mbu na kuingia majini, na kwamba watu huambukizwa kwa kunywa maji hayo. Mtu hawezi kumlaumu sana. Alikuwa mbali na maktaba na wataalamu, na husimuliwa kwamba alipoagiza kitabu kuhusu mbu kutoka London aliletewa, baada ya miezi kadhaa, kitabu kuhusu mende.

Hata hivyo, kosa lilikuwa kosa, na lilidumu kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka wa 1899 Thomas Bancroft, mwana wa yule Joseph, aliwafuga mbu huko Australia na kuonyesha kwamba wanaweza kuishi kwa majuma mengi wakilishwa vizuri. Alimpelekea Manson mbu waliohifadhiwa. Manson aliwakabidhi kwa mwanafunzi wake, George Carmichael Low, ambaye mwaka wa 1900 aliwakata vipande vyembamba mno na kuwaona vijinyoo wakiwa ndani ya mdomo wa mbu, tayari kuingia katika mwili wa mtu mwingine. Kwa hiyo, mbu alikuwa mchukuzi anayewatoa vijinyoo kwa mtu mmoja na kuwatia kwa mwingine, na maji ya kunywa hayakuhusika. Inafaa kuzingatiwa kwamba aliyempa Low mbu hao ndiye yule yule ambaye maoni yake yalikuwa yakikaribia kubomolewa.

Minyoo Mingine, Hong Kong na London

Utafiti wa Amoy haukuishia kwenye matende. Mnamo mwaka wa 1879 daktari mmoja wa Formosa, kwa jina Ringer, alimpata mnyoo bapa katika pafu la Mreno aliyefariki ghafla. Manson alikuwa amemtibu Mreno huyo hapo awali. Mwaka uliofuata alipokuwa akimhudumia Mchina aliyekohoa na kutema damu, aliyapima makohozi yake na kuona mayai mengi yasiyo ya kawaida. Aliunganisha matukio hayo mawili na kutambua kuwa damu hiyo haikutokana na kifua kikuu, bali na mnyoo wa mapafu. Alidokeza pia kuwa huenda mnyoo huyo hupitia kwa konokono wa maji baridi, na baadaye watafiti wa Kijapani walithibitisha hivyo. Akiwa Amoy aligundua vilevile kiluwiluwi cha tegu katika maiti ya Mchina, nacho kikapewa jina lake.

Mwaka wa 1883 alihamia Hong Kong, ambako aliendesha kliniki iliyomletea kipato kizuri. Alianzisha kampuni ya maziwa ili wagonjwa wapate maziwa safi, na mwaka wa 1887 alikuwa mmoja wa waasisi na mkuu wa kwanza wa Chuo cha Tiba cha Wachina. Miongoni mwa wahitimu wa kwanza wa chuo hicho alikuwemo Sun Yat-sen, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Jamhuri ya Uchina. Sun alipotekwa na kufungiwa ndani ya ubalozi wa nchi yake mjini London mwaka wa 1896, Manson na mwenzake James Cantlie walikuwa mstari wa mbele kuipigia serikali ya Uingereza kelele hadi akaachiliwa.

Manson alirejea Uskoti mwaka wa 1889 akikusudia kustaafu. Lakini thamani ya fedha za Uchina ilishuka, na akiba yake ikapungua. Akalazimika kufungua kliniki mjini London, na mwaka wa 1892 akaajiriwa katika hospitali ya mabaharia kwenye gati za mto Thames. Hospitali hiyo ilimletea wagonjwa kutoka kila pembe ya dunia bila yeye kusafiri. Katika damu za Waafrika kutoka magharibi na katikati ya bara hili aligundua aina nyingine za vijinyoo. Mojawapo, inayoonekana damuni mchana, aliihusisha na mnyoo wa jicho, loa, akakisia kwamba huenezwa na nzi fulani aumaye mchana. Mwaka wa 1912 Robert Leiper alithibitisha kisio hicho huko Nijeria.

Wakati huo huo, alianza kufikiria kwamba lililo kweli kwa matende huenda likawa kweli kwa malaria pia. Mwaka wa 1894 alichapisha maoni hayo na kumwonyesha vimelea vya malaria daktari kijana wa jeshi la India, Ronald Ross. Ross alirudi India, wakawa wanaandikiana barua zilizozidi 100. Mwaka wa 1897 Ross alikiona kimelea hicho ndani ya mbu, na mwaka wa 1902 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Mwaka wa 1900 Manson alithubutu kufanya jambo ambalo maadili ya utafiti ya leo yangelitilia shaka kubwa: mbu waliokuwa na malaria waliletwa kutoka Roma hadi London wakamuuma mwanawe, Patrick Thurburn Manson, aliyejitolea. Kijana huyo aliugua malaria, akatibiwa kwa kwinini na kupona. Alifariki mwaka wa 1902 katika ajali ya bunduki akiwa katika safari ya utafiti kwenye Kisiwa cha Krismasi.

Mnyoo wa Kichocho

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, pengine mchango wa Manson ulio karibu zaidi ni ule unaohusu kichocho. Mnyoo wa kichocho uligunduliwa mjini Kairo na Theodor Bilharz mwaka wa 1851. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kuwa ni aina moja tu, ambayo mayai yake hutoka wakati mwingine katika mkojo na wakati mwingine katika choo kikubwa. Mwaka wa 1902 Manson alimpima Mwingereza aliyeishi katika visiwa vya Karibi. Choo chake kilikuwa na mayai yenye mwiba ubavuni, lakini mkojo wake haukuwa na yai hata moja. Manson alishuku kuwa hiyo ilikuwa aina nyingine kabisa. Mwaka wa 1907 Louis Sambon aliipa aina hiyo jina la Schistosoma mansoni kwa heshima yake.

Arthur Looss, mtaalamu mkubwa wa minyoo aliyefanya kazi Misri, alipinga vikali. Mjadala ulikwisha mwaka wa 1915 wakati Robert Leiper, aliyekuwa ameingizwa katika kazi ya minyoo na Manson mwenyewe, alipotumwa Misri. Leiper alionyesha kwamba aina hizo mbili hukulia katika konokono tofauti, na kwamba viluwiluwi huingia mwilini kwa kutoboa ngozi ya mtu anapokanyaga au kuoga majini. Tofauti hiyo ina umuhimu mkubwa hapa kwetu. Kichocho cha mkojo ndicho kilichoenea pwani, ilhali kichocho cha tumbo, kilicho na jina la Manson, ndicho kinachowaathiri wavuvi na watoto wa kando ya Ziwa Viktoria na wakulima wa mpunga wa Mwea.

Kosa la Malale

Manson alikosea tena, na safari hii matokeo yaliigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mnyoo mmoja alioupata katika damu ya mgonjwa wa malale kutoka Afrika ulimfanya ashuku kwamba ndio chanzo cha ugonjwa huo. Ugonjwa wa malale ulipozuka Busoga na kando ya Ziwa Viktoria mwanzoni mwa karne ya 20, ukawaangamiza watu zaidi ya 200,000, Chama cha Kifalme cha Sayansi cha Uingereza kilituma tume mwaka wa 1902. Wanachama wake walikuwa George Low, Aldo Castellani na Cuthbert Christy, na mojawapo ya majukumu yao lilikuwa kuichunguza dhana hiyo ya Manson.

Christy alizunguka kutoka eneo la Kisumu hadi Uganda akipima damu za watu. Aligundua kuwa mnyoo ulienea mahali ambapo hapakuwa na malale, na malale yalikuwepo mahali ambapo mnyoo haukuwepo. Dhana ikaanguka. Castellani naye, akiwa Entebbe, aliona vimelea vya aina nyingine kabisa katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Mwaka wa 1903 David Bruce na wenzake walithibitisha kwamba vimelea hivyo ndivyo chanzo na kwamba mbung'o ndiye mwenezaji. Hivyo, dhana ya Manson haikuwa kweli, lakini iliweza kupimwa, na katika kuipima ukweli ulipatikana. Ila isisahaulike kwamba waliokuwa wakifa wakati wa upimaji huo walikuwa watu wa nchi hizi.

Chuo na Dola

Mnamo mwaka wa 1897 Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alimteua Manson kuwa mshauri wa tiba wa wizara yake. Manson alikuwa akilalamika kwamba madaktari waliopelekwa ng'ambo hawakufundishwa lolote kuhusu maradhi ambayo wangeyakuta. Mwaka wa 1898 alichapisha kitabu chake kuhusu magonjwa ya nchi za joto, ambacho kimeendelea kuhaririwa upya na kutumiwa hadi karne ya 21. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1899 Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto kilifunguliwa mjini London kwa juhudi zake.

Haitakuwa haki kuyasimulia haya bila kutaja lengo la waliotoa fedha. Chamberlain alitaka makoloni yazalishe, na vifo vya maafisa wa Kizungu vilikuwa kikwazo. Afya ya mwenyeji ilikuja nyuma, na mara nyingi ilizingatiwa kwa kuwa mwenyeji ndiye mfanyakazi, au kwa kuwa damu yake ilionekana kama ghala la vimelea. Manson aliifanya kazi yake ndani ya dola hiyo na aliiamini. Waama, sayansi yake na dola hiyo vilikua pamoja. Lakini maarifa, tofauti na koloni, hayarudi kwao bendera inaposhushwa. Madaktari na watafiti wa Kiafrika waliyachukua na kuyatumia kwa malengo yao wenyewe.

Mwisho wa Maisha na Urithi

Manson alipata heshima nyingi. Mwaka wa 1900 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chama cha Kifalme cha Sayansi, mwaka wa 1903 akatunukiwa cheo cha Sir, na mwaka wa 1907 akawa rais wa kwanza wa Chama cha Tiba na Usafi wa Nchi za Joto. Ugonjwa wa jongo, uliomtesa kwa miaka mingi, ulimlazimisha kustaafu mwaka wa 1912. Alipenda kwenda Ireland kuvua samaki, ingawa hakuacha kuhudhuria mijadala ya kitaaluma. Alifariki mjini London tarehe 9 Aprili mwaka wa 1922, akazikwa Aberdeen. Mkwewe, Philip Manson-Bahr, aliendelea kukihariri kitabu chake, na mjukuu wake, Clinton Manson-Bahr, alitafiti ugonjwa wa kala-azari nchini Kenya katika miaka ya 1950.

Urithi wake unaonekana katika mapambano dhidi ya matende. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, Unguja, watafiti walimwaga chembe nyepesi za plastiki katika vyoo vya shimo vyenye maji. Chembe hizo zilielea na kuziba uso wa maji hata viluwiluwi vya mbu vikakosa hewa. Pamoja na dawa waliyopewa wakaazi, maambukizi yalipungua sana. Mantiki ya jaribio hilo ni ile ile ya Amoy: mzuie mlezi, na mnyoo utakosa njia. Kampeni ya ulimwengu ya kutokomeza matende ilianza mwaka wa 2000, Zanzibar ikaanza kugawa dawa visiwani kote mwaka wa 2001, na Kenya ikaanzia Kilifi mwaka wa 2002. Uchina yenyewe, alikolala Hin Lo akiumwa na mbu, ilitambuliwa na Shirika la Afya Ulimwenguni mwaka wa 2007 kuwa imeyatokomeza matende.

Hitimisho

Maisha ya Patrick Manson yanathibitisha usemi kwamba mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Hata hivyo, yapo mafunzo mengine yanayopita bidii ya mtu mmoja. La kwanza ni kwamba mwanazuoni hupimwa pia kwa wanafunzi wanaoweza kumsahihisha. Low alilisahihisha kosa la maji, tume iliyomjumuisha Low huyo huyo ikaiangusha dhana ya malale, na Leiper akaukamilisha utafiti wa kichocho. La pili ni kwamba maarifa hayo yalitolewa kwa miili ya watu ambao majina yao hayapo vitabuni. Hin Lo ni mmoja tu aliyebahatika kutajwa. Wale wasaidizi wawili walioshinda na kukesha na hadubini, na wagonjwa walioketi mbele ya kisu, hawakutajwa. La tatu, lililo muhimu zaidi kwa jamii zetu, ni kwamba matende na busha si laana, si uchawi, wala hayaletwi na dafu. Ni kazi ya mnyoo na mbu, vitu viwili vinavyoweza kupigwa vita. Mgonjwa anayelijua hilo ana sababu ya kwenda hospitalini mapema badala ya kujificha, na jirani yake hana sababu ya kumcheka.